Makala Iliyomwondoa Baba Barazani

Mimi ni mwandishi wa maoni. Nalisema mapema ili anayetaka kunitukana anitukane kabla hajachoka. Kila Jumatano, ukurasa wa nane, picha yangu ndogo juu kulia, nimekunja uso kidogo kwa sababu mpiga picha aliniambia wachambuzi hawacheki. Chini ya picha yanafuata maneno mia nane ya kuwafundisha Watanzania wafikiri nini kuhusu jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifikiria tangu Jumatatu mchana. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita. Miaka mitano ya mwanzo nilidhani naijua.

Baba yangu ni fundi cherehani. Alikuja Dar kutoka Kusini akiwa kijana, na tangu kabla sijazaliwa alikaa kwenye baraza ya duka moja la vitambaa Kariakoo, mtaa siutaji. Duka ni la Bibi mmoja na watu wake, wenyeji wa Pwani wa siku nyingi, wanaoishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo. Mteja akishanunua kitambaa ndani, anatoka nacho mlangoni anamkuta baba na futi shingoni. "Fundi, nataka gauni, harusi ni Jumamosi." Baba anasema Jumamosi haiwezekani kabisa, asitafutiwe lawama. Jumamosi gauni liko tayari, limepigwa pasi. Watoto wanne tulikula na kusoma kwa baraza ile.

Hapakuwa na mkataba wala kodi. Kwa anavyosimulia baba, siku ya kwanza aliomba kujikinga mvua yeye na mashine yake, na marehemu mume wa Bibi akamwambia, "Kaa hapo." Mvua ikaisha, hakuna aliyemwambia ondoka. Basi, makubaliano yenyewe ndiyo hayo. Jioni cherehani iliingizwa ndani ya duka pamoja na majora ya vitambaa, asubuhi Bibi mwenyewe alifungua mlango akasema, "Fundi, njoo umtoe mtoto wako." Na kila mwaka, Ramadhani ikifika katikati, baba aliweka pembeni kazi za wateja wote, akashona kanzu za wanaume wa nyumba ile, kuanzia mtoto mkubwa wa Bibi hadi vitukuu, na magauni ya wasichana, bila kupokea hata senti. Baba ni Mkristo, wa kwenda misa ya kwanza. Sikumsikia mtu akishangaa. Siku ya Idi sinia la pilau lilivuka bonde la Jangwani likaja kwetu Magomeni, na Krismasi Bibi alimletea mama doti ya khanga.

Niliyeshangaa ni mimi. Nilikuwa nimeshasoma chuo, bwana, nimeshajua maneno makubwa. Nilimtazama baba kila Ramadhani, macho mekundu, kidole kimechomwa sindano, nikajiambia huyu mzee ananyonywa na hajui. Sikumwambia yeye. Nililiweka moyoni, na kumbe nilikuwa nalitunzia gazeti.

Wiki ambayo nililitoa, mji mzima ulikuwa unabishana nani ana haki ya kukaa wapi Kariakoo. Wenye maduka wanasema njia zimezibwa, wenye meza wanasema na wao wanakula. Kwenye chumba chetu cha habari pale Posta kila mtu alikuwa na neno. Mhariri wangu, mtu mwerevu, mvivu wa kusalimia, akaniita mezani kwake akaniambia hataki tena nadharia. "Nitafutie mtu," akasema. "Msomaji hasomi hoja, anasoma mtu. Ukishampa mtu, hoja utaiingiza polepole, hatajua amemeza nini."

Nilikuwa naye mtu. Nilimlia chapati zake kwa miaka ishirini na zaidi.

Nikaandika. Wallahi iliandikika yenyewe. Nilianza hivi: "Ninamfahamu fundi mmoja ambaye ameinamia cherehani yake kwenye baraza ya watu tangu nchi hii ikiwa na redio moja." Nikaieleza mashine, nikaieleza baraza, nikaeleza nguo za sikukuu. Hapo nikaandika sentensi ambayo nilijipongeza kwa kuinuka na kwenda kujimiminia chai: "Zamani tuliita heshima; leo tuite jina lake, kazi ya bure." Mwisho nikapigilia: mtu aliyekaa mahali miaka yote hiyo bila kufukuzwa hakai kwa fadhila, anakaa kwa haki, na haki hiyo iandikwe.

Mhariri akaisoma kwa mdomo unaotembea. "Huyu fundi umeongea naye?"

"Namfahamu vizuri," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaipitisha. Nami niseme hapa kazi yetu inavyoendeshwa, maana watu wengi hudhani maoni ni kubwabwaja tu. Ile ingekuwa habari, mhariri wa habari angenirudisha mbio: umempigia fundi, umempigia mwenye duka, umewauliza watu wa manispaa, wamesema nini, saa ngapi. Lakini ilikuwa maoni, na maoni kwetu hupita mlango wa pembeni. Eti mwandishi anasema lake. Ndivyo tulivyozoea, na ni mazoea mabaya, kwa sababu habari ikikosewa kesho tunasahihisha mistari miwili, ila hoja ikijengwa juu ya jambo usiloliuliza, utaisahihishaje? Nilikuwa nayajua haya. Nilikuwa nawafundisha vijana waliokuja kujifunza kazi, nawaambia kwa sauti: hoja yako iwe na ushahidi, upande wa pili umsikilize, na ukiandika juu ya ndugu yako, umwambie msomaji kwamba huyu ni ndugu yangu. Hata moja sikulifanya. Neno "baba yangu" niliona litaharibu. Msomaji angesema, aah, kumbe huyu anamwombea baba yake. Nilitaka nionekane nina uchungu na wanyonge wote. Ni majivuno tu, sina jina jingine la kuyaita.

Jumatano ikafika. Saa moja asubuhi mtangazaji wa redio moja, katika kile kipindi cha kupitia magazeti, akaisoma safu yangu karibu yote, akasema, "Hii imenigusa." Simu yangu ikawa haipumui. "Dada umeua." "Mwandishi wa watu." Mtu mmoja nisiyemjua akanisimamisha nje ya ofisi akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilitembea Posta siku ile kama bibi harusi. Jioni nikampigia baba.

"Nimeiona, mama," akasema. Ananiita mama, mabinti zake wote anatuita mama. "Picha yako imetoka vizuri."

"Umeisoma, lakini?"

"Nimeisoma."

"Umeionaje?"

"Picha imetoka vizuri sana," akarudia, akaniuliza kama nimekula.

Nikachukulia kwamba amefurahi! Punda mimi. Mzee amenijibu kwa adabu zote za dunia kwamba hataki kulizungumza, mimi nikalala nikichekelea.

Sasa nieleze mtaa uliisomaje, maana mtaa haukuisoma kama Posta. Kwanza, kutotaja kwangu jina hakukuficha kitu. Baba alikuwa amewaonyesha picha yangu ya gazetini wateja wake wote kwa miaka sita. Alikuwa na gazeti la Jumatano chini ya kiti, anaulizwa bei ya kupunguza suruali, anajibu bei na kuongeza, "Huyu ni mwanangu." Nchi nzima ilisoma mwandishi. Kariakoo ilisoma binti wa fundi, na fundi yuko pale, na baraza ile pale, na Bibi juu ghorofani.

Pili, na hili ndilo lililotumaliza. Watu wa rika la baba na Bibi, ukiwa na neno zito na mtu unayemheshimu, huendi mwenyewe kulisema. Unatuma mtu. Unamtafuta mtu mzima mwenye ulimi laini, anakwenda, anauliza afya, anauliza wajukuu, anakunywa kahawa, na anapoaga ndipo anasema, "Fulani ana neno, kanituma." Aliyetumwa halaumiwi, kwa sababu hasemi lake. Anasema la aliyemtuma. Hakuna mtu mzima mtaani pale asiyelijua hilo. Sasa binti amesema mbele ya taifa kwamba baba yake anafanyishwa kazi bure na kwamba baraza ni haki yake. Nani mwingine angekuwa amemtuma? Kule chini ya ukurasa kuna mstari mdogo unaosema maoni haya ni ya mwandishi. Sisi waandishi tunajificha nyuma ya mstari ule miaka yote. Pale mtaani hakuna aliyeuona, na aliyeuona hakuelewa unataka kusema nini, maana binti anayeandika habari za baba yake ana maoni gani ambayo si ya baba yake?

Fundi amemtuma mtoto. Fundi kamtuma gazetini. Asubuhi ile neno lilikwenda duka kwa duka kabla hata chai haijaiva.

Mimi sikujua. Nilikwenda Magomeni Jumamosi, kama kawaida yangu, na mkate wa kumimina mkononi. Mama akafungua mlango, akanipokea mkate. Sebuleni, pale palipokuwa na meza ya chakula, palikuwa na cherehani. Miguu yake ya chuma ilikuwa imefungwa kamba bado, jinsi ilivyopakiwa kwenye guta la kubebea mizigo. Mashine ile sikuwahi kuiona ndani ya nyumba yetu maisha yangu yote. Baba alikuwa amekaa kando yake, amevaa shati la kazini.

"Shikamoo, baba. Imekuwaje?"

"Marahaba, mama. Tumemalizana vizuri na Bibi. Na mimi nimechoka kuvuka barabara."

"Wamekufukuza?"

"Nimekwambia tumemalizana vizuri." Akaanza kufungua ile kamba, akawa kama hanioni.

Nikadhani nitaweza kukasirika, na nikakasirika kweli. Nilipiga kelele sebuleni kwa watu walionilea. Nikasema si unaona, ndiyo nilichoandika hicho, mtu hana karatasi anaondolewa siku tatu tu baada ya kudai haki! Mama akaniangalia. Ana namna yake ya kuangalia ambayo huhitaji aongeze maneno. Akasema, "Alidai yeye?" Akaenda zake jikoni. Jioni hiyo nilipanda bajaji nikarudi kwangu huku bado najiambia kwamba niko sahihi.

Mteja wa Kariakoo havuki Jangwani kufuata fundi. Ananunua kitambaa, anageuka, anampa fundi aliye karibu. Hilo baba alilijua, mama alilijua, na nadhani hata mimi nililijua. Baba akabaki na foronya za majirani na zipu za sare za shule. Asubuhi aliamka saa ileile, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye cherehani akasubiri. Ikifika saa nne anasema anatoka kidogo kunyoosha miguu. Mama akaniambia kwa simu kwamba huwa anatembea mpaka Jangwani, anasimama pale watu wanapopandia mabasi ya mwendokasi, halafu anageuza. Havuki.

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nikaandika tena.

Nilisema nitasahihisha. Nitamwambia msomaji ukweli, kwamba fundi yule ni baba yangu, kwamba hakunituma, kwamba Bibi ni mtu mwema aliyetupa sehemu ya kukaa kwa moyo wake. Nilidhani naomba radhi. Mhariri akaisoma akainuka kwenye kiti. "Hii ndiyo yenyewe," akasema, na akaipa kichwa cha maneno mwenyewe, kwa herufi kubwa, na akaipeleka mpaka ukurasa wa kwanza kwa mstari mmoja na picha yangu: "Baba Yangu Ndiye Yule Fundi Aliyefukuzwa." Neno aliyefukuzwa mimi sikuliandika. Ndani niliandika ameondoka. Ndivyo kazi yetu ilivyo, kichwa ni cha mhariri, lawama ni ya mwandishi, nami sikupiga simu ile jioni kuuliza kichwa kitakuwaje. Mtu anayejua gazeti linavyotengenezwa hana cha kujitetea.

Mchana wa siku ilipochapishwa watu walikuwa wameshalitambua duka. Mtu alilipiga picha. Katika makundi ya simu wakamwita Bibi majina ambayo mtu hamwiti mbwa. Wengine waliapa hawatanunua tena hata uzi pale. Bibi wa watu, ana miaka themanini, hata simu ya kupapasa hana, anasomewa matusi na wajukuu. Na wale waliomtukana wote walikuwa upande wangu. Waliniandikia kunipa moyo. "Tuko na wewe dada." Nilizima simu nikaiweka ndani ya droo ya meza, nikaenda chooni kwenye ofisi ile nzuri ya Posta nikalia mpaka mtu akagonga.

Na bado safu ile ya kwanza ikafanywa mfano. Siyo mzaha. Vijana wapya walipokuja, mhariri aliichapa nakala akawagawia: hivi ndivyo makala ya maoni inavyoandikwa, muone anavyomwingiza mtu, muone hoja inavyopanda. Nilikuwepo chumbani. Binti mmoja akainua mkono akauliza, "Na yule fundi alisemaje?" Mhariri akamwambia fundi siyo suala, suala ni hoja.

Swali la yule binti ndilo lililonipeleka Kariakoo. Nilikwenda asubuhi, siku ya kazi, maduka ndiyo yanafunguliwa. Pale barazani, alipokuwa akikaa baba, walikuwa wamepanga midoli mitatu imevaa madera. Kijana wa dukani aliniona akatazama pembeni. Nikapanda ngazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Siku zote alikuwa anamalizia, "Marahaba, mwanangu." Nikasimama mpaka aliponiambia nikae. Hakunipa kahawa, na mimi ningekuwa yeye nisingetoa hata kiti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nikasema machache. Nikasema, Bibi, baba hakunituma. Hakuniambia hata neno moja la kulalamika, tangu nizaliwe. Yale yalikuwa yangu peke yangu. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuomba umrudishe.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Umesema tunamfanyisha kazi bure. Zile kanzu za Idi, unajua zilianzaje?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui. Na umeandika." Hakupandisha sauti. "Mama yako alikuwa na mimba yako. Uchungu ukamshika kabla ya wakati, yuko hapa chini, kamletea baba yako chakula. Mume wangu akawasha gari, mimi nikakaa nyuma nimempakata, mpaka hospitali. Tulikaa pale siku tatu kwa zamu. Ulikuwa kidude hivi, hukutarajiwa kuishi. Ulipotoka salama baba yako akaja na kitambaa chake mwenyewe, kanunua duka la watu wengine ili sisi tusijue, akamshonea mume wangu kanzu. Mwaka uliofuata akashona tena. Nikamwambia, fundi, sasa yatosha. Akakataa. Kila mwaka namwambia yatosha. Kila mwaka anakataa, anasema mtoto bado anakua." Akanitazama juu hadi chini. "Ndiyo kazi ya bure yenyewe hiyo."

Jamani. Kuna mambo mtu akiambiwa hana pa kuweka mikono. Sentensi ile niliyoinukia kwenda kunywa chai. Niliikumbuka neno kwa neno, pale kwenye kiti chake.

Akaendelea, maana hakuwa amemaliza. Mwanawe anayekaa Upanga, ambaye ni mwanasheria, alikuja na gazeti siku ileile akamsomea yote. Alikuwa amepaka wino wa njano pale nilipoandika kwamba baraza ni haki. Akamwambia mama yake, huyu mzee anatayarisha kesi, ana miaka mingi pale, na sasa limeandikwa gazetini, kesho utasikia anadai sehemu ya nyumba. Na mtu wa sheria akisema hivyo, Bibi wa miaka themanini atabisha na nini? Hoja yangu ilikuwa nzuri. Ilikuwa imesimama sawasawa, haina ufa. Ingekuwa mbovu, baba angekuwa barazani.

"Lakini mimi sikumfukuza," Bibi akasema. "Nilimwita. Alikaa hapo ulipokaa. Nikamwambia, fundi, mimi na wewe tumezika watu pamoja. Haya maneno ni yako? Niambie tu kwamba siyo yako, kwamba mtoto kajisemea, nami mwanangu nitamnyamazisha, na cherehani itabaki ilipo."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Bibi, mwanangu akishasema, nimesema mimi.' Akainuka, akaniaga vizuri, akashuka. Nikamsikia anaita guta."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka ngazi, na ile midoli, na kwamba nilitembea kwa miguu kutoka pale hadi Magomeni, jua kali, nikapita Jangwani alipokuwa akisimama baba, nikavuka. Njiani nilikuwa nikijaribu kujiambia kwamba hoja bado ni ya kweli. Na ni ya kweli, sibadilishi. Wapo mafundi mtaa wa pili kutoka pale wanaoondolewa kwa kupigiwa mluzi, hawana mtu wa kumuuliza kitu, na karatasi ingewasaidia. Ningeweza kumtafuta mmoja wao. Ingenigharimu asubuhi moja ya kuuliza watu. Nilichukua aliyekuwa karibu, asiyehitaji kupigiwa simu, nikamvalisha nguo ambayo sikumpima.

Baba alikuwa kwenye cherehani, anapunguza sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, mahali nilipokuwa nikikaa nikiwa mdogo akirudi na viraka vya kumalizia kwa mkono. Nikamwambia nimetoka kwa Bibi. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Baba, kwa nini hukumwambia kwamba hayakuwa maneno yako?"

"Ningemwambiaje? Kwamba mwanangu kanisingizia gazetini?"

"Ungesema ukweli tu."

"Ukweli ungekuacha wapi wewe?" Alikuwa anatunga uzi, anaukosa tundu la sindano, anaulowesha mdomoni, anajaribu tena. "Watu wangesema binti wa fundi anaandika uongo. Mimi nina mikono, naweza kukaa popote. Wewe kazi yako ni kuaminiwa."

Alilisema bila hasira, na nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa hasira. Hasira ningeiweza. Nililia pale mkekani nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye picha gazetini, na yeye akaacha nilie, akamaliza pindo la upande mmoja. Nilipotulia, nikaliona lile ambalo hata wakati huo nilikuwa bado sijalifanya. Nikamwuliza.

"Lakini wewe mwenyewe, baba. Pale barazani, miaka yote ile. Ulikuwa unaona unaonewa, au ulikuwa unaona sawa? Wewe ulikuwa unaonaje?"

Akanitazama juu ya miwani.

"Umeandika mara ya kwanza," akasema. "Umeandika mara ya pili. Leo ndiyo unaniuliza?"

Nilisubiri aendelee. Akaigeuza sketi akaanza upande wa pili, na mimi nikakaa pale mkekani mpaka akaimaliza, na jibu hakunipa.